Ngano ya Wafu wa Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alipenda kuniambia kwamba yeye si Mwitaliano wa kawaida. Watu wake ni Waalbania waliokimbia vita karne nyingi zilizopita, wakavuka bahari hadi kusini mwa Italia, na huko wakang'ang'ania lugha yao na ibada yao ya Kigiriki huku Wakatoliki wa vijiji jirani wakiwacheka. Ungedhani mtu aliyetoka kwa wanyonge angewahurumia wanyonge. Thubutu! Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba yangu aliishika yeye, kutoka jikoni kwake Guildford, mtaa wa nchi ya ugenini tulikohamia yeye na mimi, miaka yote ya ndoa yangu.

Kwao, Jumamosi moja kabla ya Kwaresima, huchemsha ngano, huichanganya na sukari na mdalasini, kisha husoma mezani majina ya wafu wa ukoo. Kila jina likitajwa, waliopo hujibu kwa lugha yao, "Akumbukwe milele." Asiyesomwa, alisema mama mkwe, hukaa nje ya mlango na njaa yake.

Mimi nilikuwa na mmoja huko nje. Mwanangu wa kwanza na wa mwisho aliishi kitambo kidogo tu, hospitalini. Nesi mwenzangu, Mkenya kama mimi, alimmiminia maji kichwani akambatiza. Mume wangu ndiye aliyeshika kikombe.

"Nitafutie wafu wangu wote," mama mkwe aliniambia, maana majina aliyoyajua yaliishia kwa bibi yake. "Nitafutie, na wako tutamsoma mwisho."

Nikatafuta. Nilisoma picha za vitabu vya ubatizo kwenye simu, ndani ya treni kutoka Quakers Hill kwenda kazini, mwandiko wenyewe wa kuumiza macho. Nilimwandikia padri wa kijiji chao, ambaye ana mke na watoto kama ibada yao inavyoruhusu, mpaka akanichoka. Yule nesi mwenzangu alinicheka: "Wewe nawe! Unapiga double shift na bado unamtafutia huyo mathe mababu? Atakulipa na nini?" Sikujali. Humo vitabuni nilikuwa nimewaona watoto waliobatizwa na mkunga wakafa palepale, na majina yao yameandikwa sawa na ya watu wazima. Mungu anisamehe, nilifurahi kwa kila kichanga kilichokufa.

Siku ikafika. Ukoo ulijaa mezani, na kwa kuwa macho ya mama mkwe yalikuwa yamefifia, nilisoma mimi. Wakajibu kila jina. Mwisho nikamtaja mwanangu.

Vichwa vyote vikamgeukia mama mkwe. Nikamtazama mume wangu. Alikuwa anakunja na kukunjua pindo la kitambaa cha meza.

"Yule alimwagiwa maji na nesi wa zamu," mama mkwe akasema. "Wafu wangu hawamjui. Ngano inapoa, kuleni."

Wakala. Mume wangu aliongezewa sahani ya pili.

Nilimchukia yule mama kwa moyo wangu wote, na sikuacha hata alipougua. Nilimwosha nikimchukia, nikamlisha nikimchukia. Siku zake za mwisho alinishika mkono, mkono mkavu uliofanya kazi kiwandani Smithfield tangu ujana, akaniuliza, "Utanisoma?"

"Nitasoma, Mama," nikamjibu.

Mwaka huu ngano nimeichemsha mwenyewe. Walikuja wote wamevaa nguo nyeusi, mawifi zangu wakinishukuru kwa kuwatunzia wafu wao. Nilisoma polepole, bila kuruka hata mmoja. Nilipomtaja mwanangu walijibu kwa pamoja, sauti ya mume wangu ikiwa juu ya zote, kwa sababu walijua ni nani anayefuata na walitaka tufike kwake.

"Akumbukwe milele."

Nikakunja karatasi.

"Na mama?" mume wangu akauliza.

"Ngano inapoa," nikasema. "Kuleni."