Barua Iliyokataza Maharage

Asumani wa Beni ndiye aliyeileta barua, mwezi wa nane mwaka 2003, ikiwa imekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa shati lake. Alimkuta Jokébed barazani kwake, mtaa wa Furu, Butembo, akishona sare za shule.

"Mama Bénite, nimetoka Kisangani," alisema. "Mutu wa boti alinipa hii. Ni ya bwana yako."

Jokébed hakuacha cherehani. Alimaliza mshono, akakata uzi kwa meno, kisha akanyoosha mkono.

"Ulimuona na macho yako?"

"Bwana yako? Hapana. Niliona mutu wa boti."

"Na huyu mutu wa boti, yeye alimuona?"

Asumani akacheka kidogo. Kisha akaona uso wa mama yule, akaacha kucheka.

Mume wa Jokébed aliitwa Ésaïe, mchuuzi wa maharage kutoka Musienene. Mwezi wa saba mwaka 1998 alipanda ndege ya mizigo pale Beni kupeleka magunia Kinshasa, akaaga kwamba atarudi baada ya majuma mawili. Tarehe mbili ya mwezi wa nane vita vikalipuka, nchi ikakatika vipande, Butembo ikabaki huku na Kinshasa ikabaki kule. Jokébed alikuwa na Bénite wa miaka minane, Luc wa miaka minne, na mimba ya miezi minne. Katika miaka mitano iliyofuata alisikia sauti ya mumewe mara tatu tu, kwenye phonie, ile redio ambayo wafanyabiashara huitumia kupigiana kelele kutoka mji hadi mji. Katika mimba ile alizaliwa Joyeuse, mtoto ambaye baba yake hakuwahi kumwona.

Barua ilikuwa ya Kifaransa. Hilo lilikuwa la kwanza. Ésaïe hakuwahi kumwandikia mkewe Kifaransa hata siku moja. Aliandika Kiswahili cha sokoni, kwa herufi zilizotawanyika kama nyayo za kuku baada ya mvua. Mwandiko huu ulikuwa wa mviringo, umelala upande mmoja, mistari imenyooka. Ni sahihi tu, pale chini, iliyokuwa ya Ésaïe kweli.

Bénite, ambaye sasa alikuwa na miaka kumi na mitatu, ndiye aliyeisoma kwa sauti. Mto umefunguliwa, barua ilisema. Maboti yameanza tena kushuka kutoka Kisangani. Njoo na watoto. Kisha ikafuata orodha ya vitu vya kubeba, ukurasa mzima na nusu.

Unga wa muhogo uliokaushwa vizuri. Maharage hapana, yanakula makaa mengi kuliko yanavyoshibisha. Chumvi nyingi, sabuni, na sindano za kushonea, kwa sababu watu wa vijijini watakuja na mitumbwi kando ya boti na kwa chumvi watakupa samaki wa kukaushwa. Mbabula, jiko dogo la makaa, na kipande cha bati cha kuweka chini yake. Bâche, turubai la jua na mvua. Bidon yenye kamba ya kutekea maji, na ndoo yenye kifuniko kwa haja za watoto, maana foleni ya choo ni ndefu. Nguo nzuri moja tu kwa kila mmoja, chini kabisa ya mfuko, ya siku ya kufika. Na kamba laini, mita tatu. Mfunge mtoto mdogo kiunoni, na ncha nyingine ifunge mguuni mwako, wakati wa kupika na wakati wa kulala. Usimwamini mtu yeyote kukushikia mtoto, hata wewe mwenyewe usijiamini.

Bénite alipomaliza, mdogo wake Jokébed, Sophie, aliyekuwa amekaa mlangoni akichambua sombe, majani ya muhogo, akampigia makofi dada yake mkubwa. "Yaya, Mungu mukubwa! Anabaita!"

"Mwanaume anajua mambo ya ndoo ya kifuniko?" Jokébed aliuliza.

Sophie akarudi kwenye sombe lake.

"Mwanaume wa Musienene, anauza maharage tangu kijana, anikataze kubeba maharage? Hii liste, mwanamuke njo aliiandika. Na si mwanamuke wa hivi hivi. Ni mwenye kuchunga batoto juu ya boti."

Wiki ile hakulala vizuri. Alianza kumshuku Asumani kwamba anajua jambo na analificha. Alimshuku Sophie, aliyefurahi upesi mno, kwamba anaitaka nyumba. Alipoulizwa na wamama wa kanisa kama ni kweli anasafiri, alijibu kwamba hajui safari gani wanayoisema. Mwishowe akaenda kwenye phonie, saa nne asubuhi, akasubiri zamu yake kati ya watu waliokuwa wakiulizia bei ya mafuta ya mawese, akaita Kinshasa. Siku ya kwanza hakupatikana. Siku ya tatu sauti ya Ésaïe ikatoka ndani ya mikwaruzo ya redio, nyembamba kama ya mtu aliye ndani ya mtungi.

"Mama Bénite! Barua ilifika? À vous," ilisema, yaani zamu yako.

"Ilifika. Nani aliiandika? À vous."

Kukawa na kelele tupu. Mwenye phonie akainua macho kutoka kwenye vifungo vyake.

"Nitakueleza," sauti ilisema. "Kuja kwanza. À vous."

Watu wote mle ndani walisikia. Jokébed alirudisha kipaza sauti, akashukuru, akatoka nje akiwa ameinua kichwa. Alipofika kwenye kona akaegemea ukuta.

Aliamua kwenda. Siku nyingine alisema ni kwa ajili ya watoto kumwona baba yao, siku nyingine alisema alitaka kuuona uso wa mwenye mwandiko ule. Hati za parcelle, kiwanja cha nyumba yake, hakumpa Sophie wala hakuzibeba. Alizishonea ndani ya foronya, akaipeleka foronya kwa mke wa pasta kama zawadi, akamwambia asiifue mpaka atakaporudi. Kisha akafungasha. Alifuata orodha neno kwa neno, isipokuwa alibeba kilo kumi za maharage.

Ndege ya moja kwa moja hadi Kinshasa ilikuwa ya wakubwa. Asumani, aliyekuwa akipakia ndege ya mizigo kwenda Kisangani, aliwapa nafasi juu ya magunia. Walilala kwake Bungulu, Beni, usiku mmoja. Mkewe Yasmine aliwapikia wali, na Jokébed akamwuliza, sufuria likiwa bado motoni, kama mumewe amewahi kumtaja mwanamke wa Kinshasa.

"Mama Bénite," Yasmine alisema taratibu, "kama anajua, angekuambia. Asumani hapana weza kufunga kinywa hata na kufuli."

Jokébed aliangalia wali kwa muda kabla ya kula.

Boti lililowachukua kutoka Kisangani lilikuwa likisukuma mbele yake baji nne, matishari ya chuma bapa kama sakafu, yaliyofungwa pamoja kwa nyaya. Kila familia ilijipatia kipande cha chuma, ikatandika mkeka, ikafunga bâche. Watu mia kadhaa, mbuzi, mamba waliofungwa midomo, viti vya kusuka, nyani waliokaushwa kwa moshi. Ilikuwa safari ya siku ishirini na tatu.

Kuanzia siku ya pili orodha ilianza kuonyesha ukweli wake. Mitumbwi ilikuja, na wenye pesa za karatasi walirudishiwa pesa zao huku Jokébed akipata samaki kwa kikombe cha chumvi. Chuma kiliwaka jua, na waliokosa bati chini ya mbabula walitoboa mikeka yao kwa moto. Mvua ilipokuja usawa wa Bumba, mama wa jirani aliomba nusu ya bâche. Maharage nayo yalichemka tangu asubuhi hadi adhuhuri, makaa yakaisha gunia zima, na yalipoliwa yalikuwa bado magumu. Jokébed alimgawia jirani yaliyobaki bila kusema neno.

Kila kitu kilichomsaidia kilimwongezea uchungu. Alimjua mwanamke yule wa orodha sasa, mikono yake, akili yake, jinsi anavyotazama mbele. Ni mwanamke ambaye angependa kuwa jirani yake.

Kabla ya kufika Lisala, alasiri, boti liligonga mchanga. Hakukuwa na onyo. Baji zilisimama ghafla, na kila kilichokuwa juu yake kikaendelea mbele. Jokébed alikuwa amechuchumaa akigeuza unga. Alihisi mguu wake unavutwa, akaanguka juu ya mbabula, na kwa sekunde moja alifikiri mtu amemshika mguu. Kisha akasikia Bénite akipiga ukelele: "Joyeuse!"

Mtoto alikuwa ameteleza nje ya ukingo. Alining'inia kwa kamba ya kiunoni juu ya maji ya kahawia, mikono na miguu ikipiga hewa. Jirani yule wa bâche alilala kifudifudi, akaikamata kamba, yeye na Jokébed wakamvuta. Joyeuse alitapika, akalia, akaomba chikwangue, mkate wa muhogo. Goti la Jokébed lilikuwa limeungua hadi nyama nyeupe.

Watu waliimba wimbo wa kushukuru. Jokébed alikaa akimshika mtoto, na alipozungumza alimwambia Bénite tu.

"Sasa niko na deni kwake," alisema. "Unaona vile amenifanya?"

Ésaïe aliwapokea bandarini Kinshasa akiwa peke yake. Nywele zilikuwa zimeingia mvi na koti lilikuwa la mtu mkubwa kuliko yeye. Luc alimtambua kwa picha, akamkimbilia. Joyeuse alijificha ndani ya kikwembe cha mama yake. Ésaïe alilia waziwazi, mbele ya wapagazi.

Jokébed alimwacha alie. Kisha akauliza: "Yuko wapi?"

"Nani?"

"Papa Bénite, nilisafiri siku ishirini na tatu. Hapana niulize nani."

Aliwapeleka Masina, kwenye nyumba ya vyumba viwili. Mlangoni alisimama mwanamke mfupi, mweusi sana, umri wa Jokébed au kumzidi, na mtoto wa kiume wa miaka mitatu mgongoni. Mtoto yule alikuwa na masikio ya Ésaïe. Hakuna aliyehitaji kuambiwa lolote.

"Karibu, Yaya," mwanamke alisema. "Mimi ni Anne-Marie."

Alisema kwa Kiswahili, na Kiswahili chenyewe kilikuwa cha lafudhi ya Kinande, kinachokokota maneno kama wanavyokokota Musienene. Alikuwa amejifunza kwa mtu mmoja tu. Hilo lilimchoma Jokébed kuliko masikio ya mtoto.

Majuma mawili hakula chakula cha Anne-Marie mpaka aone mtoto wa Anne-Marie amekila kwanza. Aliwakataza watoto kunywa maji ya mtungi. Anne-Marie aliona yote hayo. Alikuwa akimlisha mwanawe mapema, mbele ya wote, kisha anasukuma sufuria katikati.

Siku moja, Ésaïe akiwa sokoni, wawili hao walibaki uani wakimenya mihogo. Jokébed ndiye aliyeanza.

"Kwa nini uliandika?"

"Yeye alikuwa anasema, nitaandika, nitaandika. Mwaka mzima. Nikaona aibu inamushinda. Nikaandika, nikamupa asaini."

"Ungenyamaza. Ungebaki naye."

Anne-Marie aliendelea kumenya. Akasimulia kwamba mwezi wa nane ule wa 1998, Kinshasa watu waliwindwa mitaani kama waasi, kwa kusema Kiswahili, kwa pua, kwa urefu. Ésaïe alikuwa mpangaji wa jirani. Anne-Marie alimficha nyuma ya magunia ya makaa siku tisa, na Ésaïe alipotoka alikuwa hana mzigo, hana rafiki, hana njia ya kurudi. Mengine yalikuja yenyewe.

"Na kila usiku alikuwa anahesabu majina ya batoto," alisema. "Nilichoka kuyasikia."

"Na kamba?"

Kisu kikasimama.

"Mwaka wa tisini na tano nilishuka na boti kutoka Lisala na bwana yangu wa kwanza. Nilikuwa na kijana, miaka mbili. Nilimupa mama mumoja anishikie, nioshe sombe. Nilipogeuka, yule mama alikuwa anasukwa nywele."

Akachukua muhogo mwingine. Jokébed aliangalia goti lake lililoanza kuota ngozi mpya. Alitaka kusema pole na alitaka kusema kwamba bado anamchukia, na yote mawili yalikuwa kweli.

"Baba ya batoto yangu nitamuchukua," alisema.

"Najua."

"Na sitakuomba ruhusa."

"Sikukungojea uniombe, Yaya."

Jioni ile Jokébed alijipakulia chakula bila kumsubiri mtoto.

Alipata chumba mtaa wa pili, akahamia na Ésaïe na watoto. Mwaka uliofuata, mwezi wa nne, walipata nafasi kwenye ndege ya mizigo hadi Beni. Anne-Marie alikataa kumtoa mtoto wake, na Jokébed hakusisitiza, ingawa Ésaïe aliomba. Siku ya kuondoka Anne-Marie hakuja uwanjani. Alimtuma mtu na kifurushi cha samaki wa kukaushwa. Jokébed alikifungua, akanusa, akakifunga tena, akakipakia.

Huko Butembo Ésaïe alirudia maharage. Siku za soko huenda Musienene asubuhi na hurudi jua likiwa juu ya vilima vya magharibi. Mara moja kwa mwezi hupitia kwenye phonie, na akirudi Jokébed humwuliza alizungumza na nani. Husema: na Anne-Marie, kuhusu mtoto, hajambo. Jokébed huendelea kushona. Kesho yake hupata sababu ya kupita pale kwa mwenye phonie, akamwuliza kwa njia ya mzunguko. Mpaka sasa hajamkuta mumewe na uongo, lakini hajaacha kupita.