Shikamoo Mlimani

Leo hapa Shahe, huku ugenini, nimebandua ubao wa sanduku la mzigo, harufu ya mbao mbichi ikanipanda puani pamoja na hasira ya zamani.

Likizo moja ya shule mama alinipeleka Japani, tukapanda mlima wa misonobari inayonuka vile vile. Kila aliyekuwa anashuka nilimwamkia shikamoo, kama nyumbani, wakatabasamu tu. Kisha akashuka Mswahili mmoja, mtoto mgongoni, mkewe Mjapani nyuma yake.

“Shikamoo.”

“Marahaba,” akajibu, akapita haraka.

“Huyo ndiye baba yako,” mama akasema.

“Si uliniambia yuko Dubai?”

“Umeshamwona. Tushuke.”

“Hatufiki juu?”

“Juu kuna nini?”

Yule mwanamke akageuka, akamwinamia mama kwa heshima. Mama naye akainama, chini kabisa. Mpaka leo sijui mama alikuwa anamshukuru kwa lipi.