Kanga Chini ya Kikombe

Mwalimu Mkuu alikuwa ameshaamua: sayansi ya darasa la saba apewe mwalimu wa kiume, mimi nikafundishe upishi na ushonaji. Alikuwa anamsubiri tu mkaguzi wa wilaya afike Mzenga, aafiki. Sababu yake? Eti nageuza darasa kuwa jiko.

Ni kweli niliingia darasani na vyombo. Kabati la sayansi la shule ile ya kijiji cha ujamaa lilikuwa na kipimajoto kilichovunjika, na popo. Nifundishe inesha kwa popo? Nilichukua kikombe na kanga, nikawaambia watoto kwamba inesha ni ukaidi wa vitu: kilichotulia hakitaki kusogezwa. Ukaidi hawakupata tabu kuuelewa. Walikuwa wakiniona mimi kila siku.

Siku ya mkaguzi, Mwalimu Mkuu alitandika meza yangu kitambaa cha mkewe, kimefumwa maua yaliyotuna, akamkalisha mgeni hapo na kumwekea chai. Heshima ya mgeni siilaumu. Lakini ningekivuta kitambaa kile, maua yale yangekwama chini ya kikombe na kukiburuta, na somo langu lingeishia hapo. Nikainua kikombe, nikakiondoa kitambaa.

"Mwalimu, unafanya nini?" Mwalimu Mkuu alininong'oneza.

"Nafundisha."

Nikavua kanga ya mabegani. Ilikuwa mpya, haijapindwa wala kufuliwa, inateleza. Nikaitandika, nikaweka juu yake kikombe cha mgeni, chai ikiwa nusu, kisha nikaivuta kwa mkupuo mmoja. Kanga ikaja, kikombe kikabaki.

Mkaguzi hakutabasamu. "Haya ni mazingaombwe," alisema.

Nilikasirika mpaka masikio yakawaka moto. Nikatandika upya, nikarudisha kikombe, nikamsogezea ncha ya kanga. "Basi vuta mwenyewe, mzee."

Maskini, mtu mzima na adabu zake, ashike kanga ya mwanamke mbele za watu! Aliishika kwa ncha za vidole, akaivuta taratibu huku ameangalia dirishani. Kikombe kikaifuata kanga mpaka ukingoni, kikammwagia chai mapajani, kikavunjika sakafuni.

"Umejionea, mzee," Mwalimu Mkuu alidakia. "Huyu ni wa kushona."

Sikuomba radhi. Wangenihamisha, wangenifukuza, radhi wasingeipata kwangu. Ndipo binti wa dawati la mbele akasimama bila kuitwa.

"Shikamoo. Umevuta polepole, ndiyo maana kanga imekiburuta. Ungevuta ghafla, kikombe kingebaki."

"Marahaba," mkaguzi aliitikia. Alimtazama binti yule, akaitazama kanga, suruali inachuruzika chai. Mwalimu Mkuu alimnyooshea leso. Hakuipokea. Alikunja mikono ya shati, akaikamata kanga yangu kwa viganja vyote viwili.

"Mwalimu," aliniambia, "leta kikombe kingine."