Mstari Uliolala

Ukimsifia Aili Rantala kihariri chake, atakuuliza umekitumia kufanyia nini. Sifa tupu hana haja nazo. Alikiandika mwenyewe baada ya kustaafu kazi ya bandarini hapa Thunder Bay, akakiita Kuikka, ambalo kwa lugha ya wazazi wake ni jina la yule ndege wa ziwani anayelia kama mtu aliyechekeshwa. Ni programu ndogo ya kuandikia, anaitoa bure, na sifa yake ni rangi: ukifungua faili lolote, amri zinageuka bluu, namba zambarau. Faili lolote, isipokuwa la mipangilio ya Kuikka chenyewe. Hilo ni jeusi kwa jeupe, na ukilitaja mbele ya Gordie Pelletier umeshaharibu Jumamosi.

Jumamosi ndiyo siku yetu watu wa Kuikka, katika chumba cha nyuma cha maktaba, na boksi la persiani, yale maandazi yenye sukari ya waridi juu. Gordie, fundi wa simu, humsaidia Aili kuliko sisi sote, na kwa ubishi pia hana mpinzani. Katika faili lile, mstari ukiwekewa alama ya reli (#) mbele umelala, Kuikka kinaupita tu. Gordie anasema bila rangi watu hawaoni upi umelala na upi uko macho. Aili anasema faili la mipangilio ni la kusomwa, na anayetaka rangi akanunue kitabu cha watoto.

Mwaka huu theluji ilipoanza kuyeyuka, mzaha uliisha. Gordie alisema Aili akikataa tena, atachukua nakala ya Kuikka aende akaanzishe chake. Ruhusa anayo, kila mtu anayo, ndiyo maana ya kutoa bure. Lakini sisi ni wachache, na tukigawanyika hatutapata Kuikka viwili, tutakosa hata hicho kimoja. Niliwakasirikia wote wawili, na usingizi ukanipaa.

Jumamosi iliyofuata Aili alisimama kutuonyesha toleo jipya ukutani. Herufi zilikuwa ndogo mno. Akafungua faili la mipangilio, penye ukubwa wa herufi akaandika ishirini na nne, akahifadhi. Hakuna kilichobadilika. Akaandika thelathini. Akazima, akawasha. Mwisho akaandika tisini, kwa hasira. Sote tulishaiona ile reli mbele ya mstari, lakini nani angethubutu? Gordie aliinamia andazi lake kana kwamba lina maandishi.

“Huu ukuta una nini leo?” Aili akauliza.

“Ukuta hauna neno, mama,” Gordie akasema taratibu. “Mstari wako ndio umelala.”

Aili akausogelea ukuta, akavua miwani, akaivaa tena. Akarudi akaifuta ile reli, na herufi moja ikajaa ukuta mzima. Hapo akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika meza, nasi tukamfuata.

“Kumbe muda wote nambembeleza aliyelala! Haya, Gordie, kapake. Ila rangi moja tu, kijivu, kwa waliolala. Ukiniletea upinde wa mvua nakutimua.”

“Moja yatosha, mama. Kwani mimi nilitaka kwenda wapi?”

Nilikula andazi la pili kwa furaha.

Toleo likatoka. Juu kabisa ya faili la mipangilio, kwa kijivu, nyuma ya alama ya reli, Aili alikuwa ameandika: Gordie alisema kweli. Gordie alipouona, akaifuta reli ili mstari uamke. Kuikka kikagoma kufunguka, kikaandika: Mstari wa kwanza, sielewi.

“Mimi sikukituma,” Aili akasema.

Reli ikarudishwa. Mstari umelala pale mpaka leo, na Gordie hataki mtu auguse.