Mpira Uliofungwa Mtoni

Ilikuwa saa tatu na dakika kumi asubuhi, mwanangu, wakati Abdi wa duka la spea aliponiuliza swali moja dogo nikaangusha spana. Saa hiyo naikumbuka kwa sababu niligeuka papo hapo kutazama saa ya ukutani, nikajaribu kukadiria Mzee Sironka alikuwa amefika wapi barabarani. Lakini nikianza na swali lenyewe hutaelewa kwa nini niliiangusha. Acha nirudi nyuma siku mbili, niende polepole.

Hiyo ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, mwaka wa mvua nyingi. Kitengela haikuwa hii ya maghorofa unayoiona. Ilikuwa safu ya maduka kando ya barabara ya Namanga, na nyuma ya maduka nyasi tu, na nyumbu wakipita. Mimi nilikuwa kijana kutoka Ukambani, na mali yangu ilikuwa sanduku la spana. Hakuna chuo kilichonifunza. Nilijifunza kwa kufungua injini zilizokufa na kusoma vitabu vya mtumba, kamusi ikiwa pembeni. Kazi yangu ilikuwa safi. Nilijua ni safi, na kujua huko ndiko kulikonifanya niwe mtu wa haraka.

Mzee Sironka alikuwa mfugaji wa ng'ambo ya mto, mrefu, shuka begani na kofia ya pamba hata jua likiwaka. Alikuwa amenunua pikipiki uzeeni na kuipenda kama fahali wa mbegu. Alifika kwangu akiisukuma. Tairi la nyuma lilikuwa linang'aa kwa oili.

"Supa, fundi," akanisalimu kwa Kimaa.

"Ipa, Mzee. Shida ni gani?"

Akasimika fimbo yake chini, akaiegemea, akaanza. "Mimi nilitoka nyumbani jua ikitoka. Ng'ombe ziko salama, isipokuwa ile nyeusi, iko na mguu. Nikafika kwa kina Lemaiyan, nikakunywa chai. Sasa, kutoka hapo mpaka mtoni..."

"Mzee," nikamkatiza, "sema shida ya pikipiki."

"Hiyo ndiyo nasema."

"Nimeshaiona. Ni sili."

Akaing'oa fimbo yake. Kisha akasema, "Sawa, fundi. Wewe ndiye unajua," akaenda kukaa kwenye jiwe.

Sikujua wakati ule, na si udhuru, kwamba Mmaasai akifika mahali husimulia safari yake tangu alipotoka hadi alipo. Habari hizo huziita ilomon. Anayesikiliza kazi yake ni kuitikia tu, "ee, ee", mpaka mwenzake amalize. Kumkatiza ni kama kumfungia mgeni mlango akiwa ameshaingiza mguu mmoja.

Sili yenyewe, kama hujawahi kuiona, ni pete ya mpira yenye ukingo mwembamba. Hukaa pale shafti inapotoka nje ya injini kwenda kuzungusha cheni, ikazuia oili isitoke. Nilimwaga oili, nikafungua sproketi, lile gurudumu la meno linalovuta cheni, nikaosha vumbi lote kwa petroli. Nikachokoa sili ya zamani bila kuikwaruza shafti, nikapitisha ukucha juu yake kutafuta mfereji wa kulika, haukuwepo. Nikapaka sili mpya oili ukingoni, nikaigonga ndani kwa kipande cha bomba chenye upana uleule, ikaingia sawa pande zote. Hata leo nikiirudia kazi ile kichwani, sioni pa kuikosoa.

Kesho yake akarudi. Sili mpya ilikuwa imetoka nje nusu, kama ulimi.

"Fundi, supa. Jana nilipotoka hapa nilienda mpaka..."

"Ngoja, Mzee, ngoja." Niliona aibu, na aibu yangu ilitoka kama hasira. Nikaichomoa ile sili nikavuka barabara kwenda kwa Abdi. Huyu Abdi alikuwa wa watu wa Garissa, mtu mfupi mwenye kanzu safi isiyoshika mafuta hata akiuza grisi siku nzima.

"Umeniuzia takataka," nikamwambia.

Akaichukua, akaigeuza mbele ya macho yake. "Fundi Mutua, ziko zingine thelathini hapo kwa rafu. Hakuna hata moja imevuja. Zinavuja zikifika kwako."

Watu waliokuwa dukani walicheka. Nikalipia sili nyingine kwa pesa yangu, nikarudi nimefura. Safari hii niliipaka gundi ukingoni. Kisha nikafanya jambo ambalo hakuna kitabu kilichonifundisha. Nilichukua patasi nikagonga chuma cha injini mahali panne kuizunguka sili, kikakunjika kidogo na kuibana isiweze kutoka.

"Hii, Mzee," nikamwambia, "haitoki hata ikipigwa risasi."

Muda wote huo Mzee hakukaa kwenye jiwe langu. Alikuwa amekaa dukani kwa Abdi, anaongea, na Abdi anaitikia huku akihesabu nati. Niliwaona kwa mbali. Nilidhani ni porojo za wazee wa mifugo.

Asubuhi ya siku ya tatu walipita mbele yangu wakielekea Kajiado. Nyuma yake Mzee alikuwa amempakia mkewe, Mama Naserian, miguu yote miwili upande wa kushoto kama kina mama wanavyokaa. Macho yake yalikuwa mabovu, ameyafunika kwa leso, haoni hata mkono wake. Madaktari wa macho walikuwa wanakuja Kajiado siku hiyo moja, kisha waende zao Loitokitok. Nilikuwa nimemwambia Mzee apande gari. Akaniuliza, "Niko na pikipiki imetengenezwa na fundi kama wewe, nipande gari ya watu?" Sikumsisitizia tena, kwa sababu maneno yale yalinifurahisha.

Hata nusu saa haikuwa imepita tangu waondoke, Abdi alipovuka barabara na kikombe cha chai mkononi.

"Fundi, ule mpira wa Mzee uliufungua?"

"Mpira gani?"

"Si alikwambia? Siku ile mto ulijaa, kijana fulani alimwonyesha mpira mdogo chini ya kiti. Akamwambia aufunge, maji isiingie kwa injini. Akaufunga na kamba ya tyubu. Tangu hapo ndiyo oili ikaanza kutoka. Mimi sijui maana yake. Ni habari tu aliniambia."

Hapo ndipo spana iliponitoka mkononi.

Injini hupumua, mwanangu. Pistoni ikipanda na kushuka hupeleka upepo chini, na upepo huo hutokea kwenye mpira mdogo unaopanda juu na kujificha chini ya kiti. Ukiufunga, upepo hutafuta njia nyingine, nao husukuma kitu kilicho laini kuliko vyote, yaani sili. Ile sili ya kwanza haikuwa mbovu. Ilisukumwa polepole, oili ikatoka kidogo kidogo, Mzee akaona. Mimi nikaigundisha ya pili na kuibana kwa patasi. Ingeshika, na kushika, na upepo ukizidi ndani, mpaka iachie yote kwa mara moja, oili yote imwagikie tairi la nyuma, kwenye lami, katikati ya malori ya Namanga, mama asiyeona akiwa amepakiwa kando.

Nilipomweleza, Abdi hakuuliza mara mbili. Aliufunga mlango wa duka mteja akiwa bado ndani, akamfungulia tena, akamtoa, akaufunga. Tukaingia kwenye pikapu yake, ile aliyokuwa akibebea mbuzi kutoka Bisil.

"Ongeza mwendo," nikamwambia.

"Hii ndiyo mwendo yake yote. Wewe tazama barabara."

Nilitoa kichwa dirishani nikatazama lami. Ilikuwa kavu. Tukapita mashamba ya maua, kavu. Nikaanza kujipa moyo kwamba labda kamba ilikatika yenyewe, labda nilikuwa na bahati. Kabla ya Isinya nikaona tone. Kisha lingine.

"Ni yake?" Abdi akauliza.

"Sijui. Malori pia huvuja."

"Unajua," akasema.

Tulipoiacha Isinya nyuma yale matone yalikuwa yamekaribiana. Halafu yakawa mstari mmoja mweusi, mwembamba, unaoshuka mteremko mbele yetu. Nilikuwa naufuata kwa macho nikiogopa mahali utakapoishia. Chini ya mteremko lori lilikuwa limesimama limewasha taa za tahadhari. Mstari ulipofika nyuma yake ulipinda ghafla kushoto, ukatoka nje ya lami.

Sikungoja gari lisimame. Niliruka nikazunguka lori. Dereva wake alikuwa anakojoa kwenye kichaka, hana habari na lolote. Na mbele yake, chini ya mti wa miiba, pikipiki ilikuwa imesimama kwa stendi yake. Mama Naserian alikuwa amekaa kwenye nyasi, mzima, Mzee amepiga goti akimfuta mguu kwa ncha ya shuka.

Nikachuchumaa mbele yao. Mzee ndiye aliyesema.

"Mama aliniambia, simama, mguu wangu umemwagikiwa na kitu cha moto. Nikasimama. Nilipotia mguu chini, tairi ikateleza yenyewe."

Fikiria hapo, mwanangu. Alikuwa mteremkoni, amechelewa, daktari anangoja, nyuma yake malori. Mkewe asiyeona akamwambia simama, naye hakumwambia tunakaribia, wala hakumwuliza umejuaje wewe. Alisikiliza, akasimama. Angekuwa mtu wa namna yangu, wasingefika chini ya mteremko ule wakiwa hai.

Abdi alimshika Mama mkono, akamketisha mbele kwenye pikapu, akaondoka naye mbio kwenda Kajiado kumuwahi daktari. Mzee alikataa kuiacha pikipiki yake. Tukabaki wawili, na yale malori yakipita.

Nikashika kiti nikifungue. Mzee akaweka fimbo yake juu ya mkono wangu, si kwa nguvu.

"Bado," akasema. "Kaa."

"Mzee, nimeshajua ni nini."

"Hata jana ulikuwa unajua. Kaa."

Nikakaa kwenye nyasi zenye oili. Naye akaanza, tangu mwanzo: jua likitoka, ng'ombe ni wazima, ile nyeusi ina mguu, chai ya kina Lemaiyan. Nami nikaitikia, "ee." Akafika mtoni. Akaeleza maji yalivyopanda mpaka magotini, kijana aliyemwonyesha mpira, kamba aliyoikata kwenye tyubu ya baiskeli. "Ee," nikasema. Akaendelea mpaka kwenye karakana yangu, mpaka kwenye jiwe nililomkalisha. Hapo akaegemea fimbo yake.

"Sasa habari imeisha," akasema. "Fungua."

Nilikiondoa kiti. Mpira ulikuwa umekunjwa mara mbili, kamba nyeusi imezungushwa kwa mikono ya mtu anayejua kufunga vitu. Ilinilazimu kuikata kwa kisu. Kazi iliyonishinda siku mbili ilimalizika kwa muda wa kupiga chafya; ikabaki kuweka sili na oili mpya tu.

Mama Naserian aliwahi. Macho yake yalitibiwa, na baada ya majuma kadhaa Mzee alimleta kwangu akiwa anaona. Alinisogelea akanikagua uso kwa makini, kama mtu anayekagua mbuzi sokoni.

"Kumbe ni wewe," akasema. "Una uso wa mtu anayetaka kwenda chooni."

Mzee akacheka mpaka akashika fimbo kwa mikono miwili. Kisha akanishika kiganja, akakitemea mate kidogo kama wazee wao wanavyobariki, akasema maneno ya Kimaa ambayo sikuyakatiza.

Nimezeeka katika kazi hii, na sasa wewe ndiye unayeshika spana. Ufundi wa mikono nitakufundisha, na ukikosa kwangu utaupata vitabuni. Ila hili lishike kutoka kwangu. Mtu akikuletea kitu kilichoharibika, usikimbilie palipovuja. Panapovuja panaonekana na kila mtu. Muulize alipitia wapi, alifanya nini, nani alimshauri. Akianza na ng'ombe, msikilize na ng'ombe wake. Sehemu unayoiona ya upuuzi huenda ndiyo iliyobeba ugonjwa wote. Na ukiweka kipuri kipya kikakataa mara moja, usikibane kwa nguvu. Weka nyundo chini, umwite mwenye chombo, uanze naye upya. Fanya hivyo pia nyumbani kwako, kwa mkeo na kwa watoto, maana huko hakuna duka la spea.

Mungu akupe mikono isiyotetemeka na sikio lisilochoka. Wanaopanda vyombo ulivyovitengeneza wafike waendako, na wakirudi wakukute mzima, nao wawe na habari njema za kukusimulia.

Hasara ya siku zile niliilipa mimi: sili mbili, oili mpya, na mafuta ya pikapu ambayo Abdi aliyadai mpaka tone la mwisho. Jumla, shilingi mia tisa na sitini.