Machalari ya Krismasi yametiwa nazi

Jamani, leo mume wangu kanikimbia kanisani!

Misa ya Krismasi imeisha, nageuka nimtakie heri, benchi tupu. Simu hapokei.

Nikapanda bajaji kurudi nyumbani, hapa hapa Bagamoyo, nimefura kweli kweli. Hii ni Krismasi ya kwanza tangu tumzike mama. Miaka yote siku kama ya leo tulikuwa kwake Moshi, yeye jikoni anaimba nyimbo za Noeli huku akipika machalari, zile ndizi zetu za nyama. Mwaka huu sikuwa na wa kumwendea.

Nafungua mlango wa uani, namkuta bwana yule kavua shati lake jipya, anakoroga sufuria. Pembeni jirani yetu, Bi Mwajuma, anakuna nazi.

"Shikamoo Bi. Mnapika nini?"

"Marahaba mwanangu. Mumeo kaja mbio, ati nimsaidie ndizi za marehemu mama yako. Nikamwuliza, ndizi gani hizo hazina tui?"

Watu wa Moshi mpo? Machalari na nazi, wakati kwetu hayatiwi kabisa! Haya, semeni hapo chini.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha kicheko kikageuka kilio.

Mume wangu akanishika bega. "Nilitaka tu nyumba inukie kama kwa mama."

Haikunukia kama kwa mama hata kidogo.

Tulipokaa kula na Bi Mwajuma, mume wangu akasali, akamshukuru Mungu kwa ajili ya mama, akamtaja kwa jina. Nikashindwa kusema Amina.

Bi Mwajuma akaitikia badala yangu.