Glovu Niliyoikana

Sitaki mtu anihurumie. Nilijidhalilisha mwenyewe, tena kwa ajili ya glovu ya besiboli, mchezo ambao mpaka leo sheria zake sizijui.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilikuwa fundi viatu Sundbyberg, huku Uswidi. Mteja wangu mmoja, Mswidi mstaafu, alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha watu wanaokusanya glovu za zamani za besiboli. Alinikaribisha. Walikutana Jumamosi kwenye ukumbi wa chini ya jengo moja, na mimi nilikaa nyuma nikisikiliza, Kiswidi changu kikiwa cha kuokoteza. Lakini ngozi naijua, nikashika upesi. Vidole vikiwa havijafungwa pamoja kwa kamba, glovu hiyo ni ya zamani sana. Tena unaangalia kifungo cha kwenye kifundo cha mkono, mhuri kiganjani, na kitambaa cha jina la kiwanda.

Kilichonikera ni uchakavu. Mtu mzima analeta glovu imepasuka, kamba zinaning'inia, na wenzake wanaipokea kama mtoto mchanga! Nikasema moyoni, hawa kumbe hawana fundi.

Ili uwe mwanachama kamili, ulete glovu yako na uieleze mbele ya wote. Nilitaka sana, nisifiche. Mji mzima huu mimi nilikuwa yule wa viatu tu. Pale nilitaka niwe mtu anayejua kitu.

Yangu nikaipata kwenye duka la mitumba la Husby, chini ya rundo la mabegi. Vidole havijafungwa, kifungo kipo. Nikaipeleka nyumbani Akalla nikaifanyia kazi jioni tatu. Mke wangu alikuwa anatoka kuhudumia wazee majumbani, amechoka hoi, lakini alikaa kunishikia ngozi nikivuta uzi. Tuliiosha kwa sabuni. Kitambaa cha jina kilikuwa kimeoza, nikakibandua nikatupa. Nikaweka kamba mpya, nikaipaka rangi. Ikang'aa.

"Hapo umewamaliza," mke wangu akasema.

Jumamosi akanisindikiza, amevaa kitenge chake cha harusini. Nikaieleza glovu yangu, umri na kila kitu. Mwenyekiti akaigeuza, akaigeuza tena, kisha akauliza kwa upole ni nani aliyeifanya vile. Akaeleza kwamba thamani ya vitu hivi iko kwenye kamba zake zenyewe, kwenye uchafu wake, kwenye kile kitambaa. Glovu ya aina hii, alisema, huioni mara mbili, na sasa imekufa.

"Aliyefanya hivi hajui ngozi," akamaliza.

Miaka ishirini ninashika sindano. Wote walikuwa wananitazama.

"Niliinunua hivi hivi," nikasema.

Wakanipa pole. Wakasema umri nimeutambua sawasawa, wakanipigia makofi, nikawa mwanachama. Mwenyekiti akanipa mkono, na mimi nikaupokea huku nikicheka cheka.

Mke wangu Kiswidi anakijua kuliko mimi. Tulipofika nyumbani akakunja kitenge, akakirudisha kabatini, ndipo akaniambia, "Baba, mimi nilikuwa nimekaa pale pale. Ungesema tu ni sisi."

Kikundini sikurudi tena. Yeye naye hajawahi kulitaja tena lile jambo, na hajawahi tena kunishikia kazi.